Kabla ya Dhahabu Kulikuwa na Swali: Utangulizi wa Historia ya Safari za Wazungu Ziwani

Maji yaliyo kati ya Nkome na Chato, ambayo wavuvi wa dagaa huyamulika kwa taa zao usiku wa giza, yana jina ambalo wachache sana mwaloni watalitambua. Kwenye ramani yameandikwa Ghuba ya Emin Pasha. Mwenye jina alizaliwa Eduard Schnitzer huko Silesia mwaka 1840, akasomea udaktari, akawa gavana wa Equatoria kwa niaba ya serikali ya Misri, kisha mwaka 1890 akapita pande za ziwa hili akiwa mtumishi wa Ujerumani na kuanzisha kituo cha Bukoba. Miaka miwili baadaye aliuawa Kongo. Hakulima hapa, hakuvua hapa, wala hakuzikwa hapa. Jina lake limebaki majini kwa sababu walioichora ramani walikuwa watu wa kundi lake, na walioyavua maji hayo hawakuulizwa.

Shuleni tunafundishwa habari za wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara kwa orodha: sababu tano, matokeo sita, mwanafunzi ananakili, mtihani unapita. Orodha hizo hazina uongo mkubwa, ila zinaifanya historia ionekane ya watu wengine wa mahali pengine. Ninamwandikia kijana wa Geita, Sengerema, Chato au Shinyanga anayetaka kuingia katika uwanja huu wa elimu kwa mara ya kwanza, na ninamkaribisha kwa moyo wote, kwa kuwa uwanja unamhitaji. Jambo ninaloomba alibebe tangu ukurasa huu ni hili: alichokusudia msafiri na kilichotokana na safari yake ni vitu viwili, na kati yake kuna watu wengi waliofanya uamuzi wao wenyewe. Anayevichanganya ataishia ama kuwasifu wasafiri kwa mema ambayo hawakuyapanga, ama kuwadhania hila ambazo hawakuwa na akili ya kuzitunga, na kwa vyovyote atawasahau watu wa nchi.

Tuanzie mbali kidogo, kwa Wareno. Mwaka 1415 waliiteka Ceuta, bandari ya Afrika Kaskazini iliyounganishwa na biashara ya dhahabu iliyovuka Sahara, na tangu hapo wakawa wanashuka pwani ya magharibi hatua kwa hatua. Bartolomeu Dias aliizunguka ncha ya kusini ya bara mwaka 1488. Vasco da Gama aling'oa nanga Lisbon Julai 1497, na Aprili iliyofuata alikuwa Mombasa, ambako hakuaminiwa, kisha Malindi, ambako alipewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Pilipili manga ya India ilikuwa ikifika Ulaya baada ya kupita mikononi mwa wafanyabiashara wa Misri na Venice, na mfalme wa Ureno alitaka kuwakwepa wote hao. Alitaka pia kumpata Prester John, mfalme Mkristo wa masimulizi aliyeaminika kuishi upande wa Uhabeshi, ili waungane dhidi ya Waislamu. Faida, dini na vita vilisafiri katika merikebu zilezile. Wanahistoria wamebishana miaka mingi ni kipi kilitangulia, na sioni kama ubishi huo umetufikisha mbali, maana mabaharia wenyewe hawakuvitenganisha.

Kwa msomaji wa ukanda wa dhahabu kuna jambo moja la safari hizo la kulitafakari. Mwaka 1502 da Gama alirudi na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa ushuru wa dhahabu. Dhahabu ya Kilwa ilichimbwa na Waafrika wa nyanda za juu za Zimbabwe, ikashushwa hadi Sofala na kupandishwa pwani kwa vyombo vya Waswahili. Mfalme Manuel wa Ureno aliitumia kutengenezea monstransi, kile chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho hadi leo kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lisbon. Kinaitwa kwa jina la Belém na kinasifiwa kwa ufundi wake, na kwa haki. Lakini mwaka mmoja kabla hakijakamilika, Julai 1505, Mreno mwingine, Francisco de Almeida, aliipora Kilwa, na Agosti akaichoma Mombasa. Siwezi kukitazama chombo kile bila kuuona moshi huo, na sidhani kama mwanafunzi wa historia anapaswa kukitazama vinginevyo.

Wareno hao hao waliiunganisha pwani yetu na Amerika. Mahindi, karanga, tumbaku na muhogo vilivuka bahari katika biashara yao, vikapokelewa na wakulima, vikajaribiwa katika udongo mmoja baada ya mwingine, vikapanda bara kutoka jirani hadi jirani kwa muda mrefu bila Mzungu yeyote kuvisindikiza. Leo ugali wa muhogo ni chakula cha kila siku kando ya ziwa. Hakuna mfalme wa Ureno aliyekusudia kuilisha Nkome. Matokeo makubwa kuliko yote ya safari zile katika maisha ya kawaida ya watu wetu yalifanywa na wakulima ambao hakuna aliyeyaandika majina yao.

Kwa karne tatu na nusu baada ya da Gama, Wazungu waliijua pwani na hawakulijua bara. Bara halikuwa limelala. Wanyamwezi walikuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo na shanga. Warongo, wahunzi wa nchi ya Wazinza tunayoishi sisi, waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali ndani ya Unyamwezi. Waarabu na Waswahili walikuwa na makazi Kazeh, karibu na Tabora ya leo, na katika miaka ya 1840 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alikuwa amekwisha kufika kwenye ikulu ya Kabaka wa Buganda. Wamisionari Erhardt na Rebmann, ambao hawakuwahi kuliona ziwa lolote la bara, walikusanya maelezo ya watu wa misafara na mwaka 1856 ramani yao ilichapishwa ikionyesha ziwa moja kubwa ajabu katikati ya Afrika. Walikosea kwa kuyaunganisha maziwa matatu kuwa moja. Hata hivyo, kila kilichokuwa cha kweli katika ramani hiyo kilitoka vinywani mwa wapagazi na wafanyabiashara.

Ndipo Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha London kilipomtuma Richard Burton, pamoja na John Hanning Speke, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ikachangia pauni 1,000. Swali rasmi lilikuwa la kitaaluma: chimbuko la mto Nile liko wapi? Lilikuwa limeulizwa tangu Ptolemy. Serikali, kwa upande wake, haitoi fedha kwa udadisi mtupu. Ilitaka kujua bidhaa gani zinapatikana, njia zinapita wapi, biashara ya watumwa inaendeshwa vipi. Burton alipenda lugha na desturi za watu. Speke, ofisa wa jeshi la India, alipenda bunduki na mawindo, na alitaka jina. Nia zote hizo zilikuwa katika msafara mmoja ulioondoka pwani Juni 1857, na wapagazi waliobeba mizigo yake walikuwa na nia yao pia: ujira, na nafasi ya kufanya biashara yao ndogo njiani.

Kazeh walipokewa na Snay bin Amir, Mwarabu aliyeijua nchi vizuri, naye ndiye aliyewaambia kwamba maziwa ni tofauti na kwamba lililo kubwa zaidi liko kaskazini. Baada ya kwenda Ujiji na kurudi, Burton akiwa mgonjwa, Speke aliondoka Kazeh Julai 1858 na msafara mdogo. Pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akaishi India, akarudi Zanzibar akiwa huru. Agosti 3, 1858, Speke alisimama kwenye kilima cha Mwanza akayatazama maji. Alikaa huko siku chache tu, akamsikiliza mtawala Mahaya na Mwarabu aliyehamia pale, akauliza ziwa linaishia wapi upande wa kaskazini, na hakupata mtu aliyeujua mwisho wake. Akalipa jina la malkia wake na kutangaza kwamba amepata chimbuko la Nile.

Hapa inafaa tusimame kidogo kwenye namna alivyofikiri, kwa kuwa elimu ya kweli ilikuwamo. Maji huchemka kwenye joto la chini zaidi kadiri mahali palivyo juu. Speke alichemsha maji, akasoma kipimajoto, akakadiria kwamba ziwa liko juu kiasi cha kuweza kuulisha Nile, wakati ziwa Tanganyika lilionekana kuwa chini mno. Hoja hiyo ilikuwa sahihi ingawa ushahidi wake ulikuwa mwembamba, na Burton alikuwa na haki ya kudai ushahidi zaidi. Ugomvi wao uliendelea hadi Septemba 1864, Speke alipokufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe siku moja kabla ya mkutano wa Bath uliopangwa wakabiliane.

Lakini kwa watu wa Uzinza safari muhimu zaidi ni ile ya pili, ya Speke na James Augustus Grant, na hapo ndipo ninapomtaka mwanafunzi akae muda mrefu. Mwaka 1861 walipita katika nchi hii wakielekea Karagwe. Mtawala Lumeresi alimzuia Speke kwa wiki nyingi akidai hongo, na hasa vazi zuri la hariri alilosikia kuwa limo mizigoni. Myonga aliwashambulia watu wa Grant na kupora mali. Suwarora wa Usui alidai sehemu yake. Katika kitabu chake, Speke, mgonjwa wa kifua na aliyekimbiwa na wapagazi, anawaeleza watawala hawa kama wanyang'anyi wenye tamaa.

Kisome kitabu hicho mara mbili. Mara ya pili usimwangalie Speke, mwangalie Lumeresi. Utaona mtu mwenye mipaka ya nchi, wajumbe, ngoma inayopigwa kutangaza kwamba msafara umelipa na sasa unaweza kupita kwa amani. Utaona ushuru wa forodha. Utaona pia watawala wadogo wanaoshindana wao kwa wao, ambao bunduki na nguo za pwani zimewafanya wawe na wasiwasi kuliko baba zao, kwa sababu mwenye bidhaa hizo ndiye atakayepata wafuasi. Na utaona jambo ambalo Speke hakulikusudia: ushahidi bora tulio nao wa maandishi kuhusu siasa ya Uzinza katika miaka ile umeandikwa na mtu aliyekuwa akiilalamikia. Kazi kubwa ya uwanja huu ni kuyatoa maarifa ndani ya malalamiko.

Si kila alichoandika kinaokoka kwa namna hiyo. Katika kitabu hichohicho Speke alidai kwamba watawala wa nchi za ziwa, aliowaita Wahuma, walikuwa watu wa kabila jingine waliotoka Uhabeshi na kuwatawala wenyeji kwa sababu ya ubora wa damu. Hakuwa na ushahidi ila sura za watu na imani aliyokuja nayo. Wamisionari waliichukua dhana hiyo, watawala wa Kijerumani na Kibelgiji wakaijenga ndani ya shule, ofisi na vitambulisho vya Rwanda na Burundi. Nani angesema mwaka 1863 kwamba kurasa chache za kitabu cha safari zingetumika kuwahalalishia watu mauaji mwaka 1994? Kati ya kurasa hizo na mapanga kuna miaka 130 na maelfu ya maamuzi ya watu wengine, kwa hiyo simpi Speke hatia ya mauaji. Hata hivyo, yatima wa Rwanda waliokimbilia Ngara, magharibi mwa hapa, wanatudai tuufuatilie mnyororo huo pete kwa pete.

Henry Morton Stanley alifika kusini mwa ziwa Februari 1875 na mashua iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, akalizunguka ziwa lote kwa karibu miezi miwili, akathibitisha kwamba ni moja. Bumbire, kisiwa cha upande wa Muleba, wenyeji walimkabili na nusura wamwangamize. Alirudi Agosti na mitumbwi mingi na bunduki, akawapiga risasi kutoka majini mpaka watu makumi wakafa ufukoni. Hata Uingereza walikuwapo waliomlaani. Huyuhuyu, mwaka huohuo, barua yake ya kuwaita wamisionari kwa Kabaka Mutesa ilichapishwa gazetini London, na kufikia mwanzo wa 1877 wajumbe wa kwanza wa Kianglikana walikuwa kusini mwa ziwa. Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika waliwafuata, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi. Kanisa la pande hizi lina mizizi humo, na Wakristo wa leo hawana haja ya kuuficha upande wa Bumbire ili waithamini imani yao.

Mkutano wa Berlin ulifanyika kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari ukate ziwa kwenye nyuzi 1 kusini ya ikweta, juu ya maji ambayo wavuvi waliyavuka bila kuuona mstari wowote. Mwaka 1898 mambo mawili yalitokea: Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lao, na mtafiti wao mmoja akatambua dhahabu Geita. Tangu kilima cha Mwanza ilikuwa imepita miaka 40 kamili. Speke hakuwa akitafuta dhahabu. Alitafuta jibu la swali, na jibu likaleta ramani, ramani ikaleta misheni na mkataba, mkataba ukaleta askari, na nyuma ya askari akaja mpima miamba. Kila aliyefuata alimtumia aliyetangulia kwa lengo lake. Mgodi wenyewe ulisubiri hadi miaka ya 1930, ukafanya kazi mpaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Vijana wanaoshuka kwenye maduara ya Nyarugusu na wanaookota magwangala, yaani mawe ya mabaki ya mgodi, wanabishania, katika lugha ya leseni na mipaka, swali ambalo Lumeresi alilijua vizuri: anayepita au kuchukua katika nchi hii anamlipa nani?

Kuna mkondo mwingine wa matokeo usioingia kwenye orodha za darasani, na kwangu ndio ulioubadili mkoa huu kuliko yote. Miaka ya 1890 ilileta sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Pembe ya Afrika pamoja na mifugo ya Waitalia na kuangamiza mifugo hadi ziwani na kuvuka. Ilileta funza, waliotoka Brazil hadi Angola kwa meli mwaka 1872 na kuvuka bara miguuni mwa watu wa misafara. Oscar Baumann alipopita Uzinza mwaka 1892 aliandika juu ya mateso yao. Baadaye ukaja ugonjwa wa malale. Ng'ombe walipokufa na watu walipopungua, pori lilirudi pale palipokuwa malisho, na mbung'o wakalifuata pori. Sehemu kubwa ya Geita ikawa nchi ya mbung'o. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliendesha mpango wa maendeleo ya Usukumani uliohimiza watu kuhamia Geita, pori likafyekwa, na ndiyo sababu mojawapo Kisukuma kinasikika leo kila mahali katika nchi iliyokuwa ya Wazinza. Wanaodhani pori la miaka ya 1920 lilikuwa hali ya asili ya Afrika wanalitazama kovu na kuliita ngozi.

Hoja hiyo ya pori aliieleza kwa nguvu Helge Kjekshus katika kitabu chake cha 1977. Kabla yake, Walter Rodney alikuwa ameandika akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kitabu chake cha 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma, na wenzake wa chuo hicho, Kimambo na Temu miongoni mwao, walikuwa wakijitahidi kuonyesha Waafrika kama watendaji katika historia yao. Wengine wamemkosoa Kjekshus kwa kuipamba mno hali ya kabla ya 1890, na nadhani wana sababu: njaa na vita vilikuwapo, na biashara ya watumwa ilikuwa imeshafika ndani. Rodney naye anaona kwa upana wa dunia nzima kiasi kwamba watu kama Lumeresi hupotea machoni. Msome kwa ajili ya mfumo, kisha mrudie Lumeresi.

Anayeanza asianze na Stanley. Aanze na maisha ya Tippu Tip aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, ambamo Livingstone, Cameron na Stanley wanaonekana kama wageni waliohitaji msaada, ingawa asisahau kwamba mwandishi aliuza watu. Asome Safari za Wasuaheli zilizochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Asome riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, iliyokamilika kwa Kikerewe mwaka 1945 na kutoka kwa Kiswahili mwaka 1980, kwa sababu hakuna kitabu kinachoonyesha kwa undani zaidi maisha ya visiwa vyetu kabla ya hayo yote. Nyaraka za Kijerumani ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na kwa anayejifunza Kijerumani mlango uko wazi. Na kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam, aulize nyumbani. Wazee wa Kirongo wanaojua babu zao waliyeyushia chuma wapi, nyimbo zipi ziliimbwa kwenye tanuri na majembe yaliuzwa kwa nani, wanazidi kupungua, na mahali palipokuwa na rundo la taka za chuma huenda mwaka ujao pakawa na duara. Akaandike hayo kwa Kizinza, kwa Kisukuma au kwa Kiswahili, aweke tarehe, aweke jina la mahali kama wenyeji wanavyolitaja, achukue na picha ya taka za chuma kabla hazijahamishwa.